Shahidi Mmoja

Tarehe 12 Desemba 1946, mjini Winnipeg nchini Kanada, mama mjane mwenye asili ya Poland alikabidhiwa nishani ya mwanawe. Ilikuwa Msalaba wa Victoria, nishani ambayo hakuna iliyo juu yake katika zote ambazo Mfalme wa Uingereza aliwatunuku askari wake kwa ushujaa mbele ya adui. Ni kipande kidogo cha shaba kilichofungwa utepe mwekundu. Mwanawe, Andrew Charles Mynarski, alikuwa amekwisha kulala kaburini Ufaransa miaka miwili na nusu.

Miaka hiyo miwili na nusu ina sababu yake. Kitendo kilichompatia Mynarski nishani hiyo kilionwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo, kwa hesabu yoyote ya kibinadamu, alikuwa afe dakika chache baada ya kukiona. Angekufa, kusingekuwa na nishani wala historia hii. Jina la Mynarski lingebaki katika orodha ndefu ya wapiga bunduki wa ndege waliotoka usiku wasirudi, na mama yake angeambiwa tu kwamba mwanawe amefariki kazini.

Mynarski alizaliwa Winnipeg tarehe 14 Oktoba 1916, mmoja wa watoto sita wa wahamiaji kutoka Poland. Alisoma shule za mtaani na baadaye shule ya ufundi ya St. John's. Alipokuwa na umri wa miaka 16, baba yake alifariki. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati ambapo wanaume wenye nguvu zao walizunguka mji mzima wakitafuta kibarua na kurudi mikono mitupu. Kijana Andrew akaingia kazini kwa mtengenezaji wa makoti ya manyoya, kazi yake kukata ngozi, na mshahara wake ukasaidia kulisha wadogo zake. Ndiyo maisha aliyoyajua mpaka vita vilipofika.

Mwaka 1940 alijiunga kwa muda mfupi na kikosi cha askari wa miguu cha Royal Winnipeg Rifles, na mwaka uliofuata akaingia Jeshi la Anga la Kanada. Kanada wakati huo ilikuwa imegeuka kuwa shule kubwa ya marubani. Kwa makubaliano yaliyotiwa saini Desemba 1939, vijana wa Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand walifundishwa huko, mbali na ndege za Ujerumani, na hadi mpango ulipofungwa mwaka 1945 zaidi ya watu 130,000 walikuwa wamehitimu. Mynarski alipitia shule ya redio ya Calgary, kisha akapelekwa shule ya mabomu na bunduki ya MacDonald, katika jimbo lake la Manitoba. Huko akafunzwa kazi ya mpiga bunduki wa angani, akavushwa bahari kwenda Uingereza.

Aprili 1944 alifika katika Kikosi cha 419 cha Jeshi la Anga la Kanada, kilichokuwa na makao yake Middleton St. George, kaskazini mwa Uingereza. Kikosi hicho kiliitwa Moose, na jina hilo lilikuwa jina la utani la kamanda wake wa kwanza, John Fulton, ambaye yeye mwenyewe alitoka na ndege yake Julai 1942 asirudi. Kila kijana mgeni aliyekuja kikosini alivaa jina la mtu aliyepotea kabla yake. Sidhani kama waliliwaza sana jambo hilo. Watu waliofanya kazi ile walijifunza mapema kutohesabu vitanda vilivyobaki wazi asubuhi.

Mynarski aliwekwa katika ndege ya rubani Arthur de Breyne, mwenyeji wa Quebec. Mwongoza njia alikuwa Robert Bodie, mdondosha mabomu Jack Friday, mtu wa redio Jim Kelly, aliyetoka Winnipeg kama Mynarski. Mwingereza pekee kati yao alikuwa mhandisi wa ndege, Roy Vigars. Mpiga bunduki wa nyuma alikuwa George Brophy, aliyeitwa Pat na wenzake wote. Mynarski alikaa bunduki za juu, mgongoni mwa ndege.

Brophy na Mynarski walishibana haraka. Brophy alikuwa ofisa, na Mynarski kwa muda wote huo hakuwa ofisa. Cheo hicho alikipata siku za mwisho kabisa za maisha yake. Kwa desturi ya jeshi walilala mabweni tofauti na kula meza tofauti, hata kama usiku wote walikuwa wamekaa ndani ya bomba moja la bati wakilindana roho. Basi kila walipoachana kwenda kulala, Mynarski alisimama wima, akampigia mwenzake saluti ya madaha na kumwambia, "Usiku mwema, bwana." Ulikuwa utani wa marafiki wawili juu ya vyeo. Msomaji aushike moyoni.

Ili kilichotokea kieleweke, ni lazima ndege yenyewe ijulikane. Lancaster ilikuwa ndege ya injini nne, yenye mabawa ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha, iliyotengenezwa kubeba mabomu mengi kwenda mbali usiku. Zilijengwa zaidi ya 7,300, nyingi Uingereza na 430 nchini Kanada, katika kiwanda cha Malton karibu na Toronto. Ndege ya akina de Breyne, namba KB726, ilikuwa moja ya hizo za Malton. Ubavuni ilichorwa herufi VR-A.

Watano kati ya watu saba walikaa mbele, karibu karibu, na mlango wao wa hatari ulikuwa sakafuni, puani mwa ndege. Nyuma yao mhimili mnene wa mabawa ulikata njia ya katikati, na mtu aliyevaa mavazi mazito ya baridi alihangaika kuupanda na kuuruka. Ng'ambo ya mhimili huo ndiko walikokuwa wapiga bunduki wawili. Wa juu alining'inia kwenye kiti kama bembea, kichwa chake ndani ya kuba la kioo. Wa nyuma alikuwa peke yake mwisho wa mkia, mita kadhaa kutoka kwa mwenzake, ndani ya kibanda cha vioo na chuma chenye bunduki nne. Kati yao, upande wa kulia, ulikuwapo mlango wa kuingilia. Mlango huo ndio ulikuwa njia ya mpiga bunduki wa juu ya kuokoka.

Kibanda cha nyuma kilizungushwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na pampu ya injini za upande wa kushoto. Kilikuwa kidogo mno kiasi kwamba mtu hakuweza kukaa na parachuti lake. Lilitundikwa nje, ndani ya ndege, nyuma ya milango midogo iliyokuwa mgongoni pake. Siku ya kuruka, mpiga bunduki alipaswa kufungua milango hiyo, kunyoosha mkono nyuma na kulichukua parachuti, kulibana kifuani, kukizungusha kibanda mpaka milango ielekee nje, kisha kujiachia kinyumenyume angani. Hatua zote hizo zilitegemea jambo moja, nalo ni kwamba kibanda kizunguke. Mafuta yakikatika, alibakiwa na mkono wa chuma wa kuzungushia taratibu. Mkono huo ukimfia, alikuwa amefungiwa.

Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Washirika yalitua Normandy. Kilichoamua vita siku zilizofuata kilikuwa mbio za nani angefikisha askari na vifaru vingi upande wake mapema zaidi. Wajerumani walitegemea reli za kaskazini mwa Ufaransa, na kwa hiyo usiku baada ya usiku ndege za Uingereza na Kanada zilitumwa kuvunja stesheni, madaraja na viwanja vya kupangia mabehewa. Wafaransa wengi waliuawa na mabomu hayo yaliyodondoshwa na watu waliokuja kuwakomboa, na hilo nalo ni sehemu ya historia ya ndege hizi, halipaswi kufunikwa na ushujaa wa mtu yeyote. Usiku wa tarehe 12 zamu ilikuwa ya miji kadhaa, ikiwamo Amiens, Arras na Cambrai. Kikosi cha 419 kilipewa Cambrai.

Jioni hiyo, wakisubiri amri ya kuondoka, wale saba walikaa kwenye nyasi kando ya ndege. Mynarski akaona katika majani jani la klova lenye vidole vinne. Klova kwa kawaida huwa na vidole vitatu, na watu wa nchi zile huamini kwamba apataye lenye vinne amepata bahati. Akampa Brophy na kumshurutisha alichukue. Ilikuwa safari yao ya 13 kwenda kwa adui, na saa sita ya usiku ikipita, tarehe ingekuwa 13.

Waliondoka karibu saa nne usiku. Walipovuka pwani ya Ufaransa, kurunzi kubwa za Wajerumani ziliwanasa. Mwanga wa kwanza ukiishika ndege, mingine hukimbilia hapo hapo, na rubani hujikuta katikati ya weupe asioweza kuona chochote, huku kila mzinga wa chini ukimwona yeye. De Breyne aliipindapinda ndege, akaishusha na kuipandisha, mpaka wakachomoka gizani. Kisha akaanza kuteremka kuelekea kimo cha kudondoshea mabomu.

Walikuwa kama mita 1,500 juu ya ardhi Brophy alipoona kivuli kikija kwa nyuma na chini. Ilikuwa Junkers 88, ndege ya Kijerumani ya kuwinda usiku. Akapiga kelele kwenye simu ya ndani, de Breyne akaiinamisha ndege upande na kuizungusha kama parafujo, mbinu waliyofunzwa wote, lakini Mjerumani alikwisha ingia chini ya tumbo, mahali ambapo Lancaster haikuwa na jicho wala bunduki. Mizinga yake ikafyatuka. Injini zote mbili za kushoto zikafa, tangi la mafuta bawani likawaka, na risasi nyingine ikapasua ndege katikati ya Mynarski na Brophy. Hapo palipita mabomba ya mafuta ya kuzungushia kibanda cha nyuma. Mafuta yakamwagika, yakashika moto.

Simu ya ndani ilikatika. De Breyne, akipambana na usukani wa ndege iliyokuwa ikilala upande mmoja, aliwasha na kuzima taa ya ishara: fupi, ndefu, ndefu, fupi. Ni herufi P katika mfumo wa Morse, nayo ilimaanisha parachuti. Rukeni.

Mbele, Vigars alifika kwenye mlango wa sakafuni akamkuta Friday amezimia. Mfuniko wa mlango ulikuwa umempiga kichwani alipoufungua. Vigars akamfunga parachuti, akamsukuma nje kwa namna ambayo parachuti lingefunguka, kisha akaruka mwenyewe. Wengine wakafuata. De Breyne aliishikilia ndege mpaka wote wa mbele wakawa wameshuka, na alipotazama nyuma aliona ukuta wa moto tu. Aliamini wapiga bunduki wametoka kwa mlango wao, kama ilivyopangwa, akajitupa nje. Ndege ikabaki bila mtu usukanini, inashuka taratibu na mabomu yake yote tumboni.

Mynarski alikuwa ameteremka kutoka kwenye kiti chake na kufika mlangoni. Parachuti lilikuwa kifuani pake. Mlango ulikuwa mbele yake. Alikuwa ametimiza kila alichoamriwa, na hakuna sheria ya jeshi, wala mtu yeyote aliyekuwa hai usiku ule, ambaye angemlaumu kwa kuinamisha kichwa na kuruka. Akageuka kutazama upande wa mkia. Kupitia vioo akamwona Brophy bado yumo.

Brophy alikuwa amefaulu kulichukua parachuti lake. Alipotaka kukizungusha kibanda, hakikuitika. Akashika mkono wa chuma, akauzungusha kwa nguvu zote, ukakatika, ukabaki mkononi mwake. Kibanda kilikuwa kimesimama njia panda: milango yake haikuelekea ndani ya ndege wala haikuelekea nje. Akaelewa kwamba yamekwisha. Hapo ndipo alipomwona Mynarski.

Kati yao moto ulikuwa unawaka sakafuni katika mafuta yaliyomwagika. Mynarski aliacha mlango, akapiga magoti na kutambaa kwa mikono kupita katikati ya ule moto. Alipofika upande wa pili, mavazi yake yaliyolowa mafuta yalikuwa yanawaka kuanzia kiunoni kwenda chini. Alichukua shoka la dharura, akakipiga nalo kibanda kile, akalipenyeza kwenye upenyo na kujaribu kukipindua. Hakikutikisika. Akatupa shoka, akashika chuma kwa mikono mitupu na kuvuta.

Brophy alimpungia mkono arudi. Alimpigia kelele, ingawa kwa mngurumo ule hakuna sauti ingesikika. Walikuwa wakitazamana kupitia kioo, uso kwa uso. Aliendelea kumwashiria: nenda, jiokoe. Mwisho Mynarski akakubali kwamba hakuna linalowezekana. Akarudi kwa kutambaa tena ndani ya moto, lakini alirudi kinyumenyume. Hakumpa mwenzake mgongo. Alipofika mlangoni akainuka, moto ukiwa mwilini mwake, akasimama wima na kupiga saluti. Midomo yake ilicheza. Brophy hakusikia neno, ila hakuhitaji kusikia. Alikuwa ameyasikia maneno yale usiku mwingi, mbele ya mabweni yao, wakicheka.

Kisha Mynarski akaruka.

Wafaransa waliokuwa chini waliona mtu akianguka kutoka angani, nguo na parachuti lake vikiwaka. Kwa sababu parachuti lilikuwa likiteketea, aliteremka kwa kasi kubwa. Alifika ardhini akiwa hai, wakamwokota, lakini alikuwa ameungua mno. Alifariki muda mfupi baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Gaudiempré, si mbali na Arras, nchi ambayo Wakanada walikuwa wameizoea kwa msiba: kwenye kilima cha Vimy, kaskazini mwa mji huohuo, waliuawa kwa maelfu mwezi Aprili 1917. Brophy alikuwa amejikunja kibandani akingojea mwisho. Ndege, kwa kuwa hakuna aliyeiongoza, iligusa ardhi ikiwa karibu tambarare. Bawa la kushoto likagonga mti, mwili wa ndege ukapinda ghafla, na mkia ukapigwa kama ncha ya mjeledi. Kile kibanda ambacho shoka na mikono ya mtu vilishindwa kukifungua kikapasuka, na Brophy akarushwa nje, mbali na mabaki. Kati ya mabomu 20 yaliyokuwa ndani, yalilipuka mawili tu. Alipojipapasa gizani, alijikuta hana jeraha la kumwangusha.

Nimeusoma mkasa huu mara nyingi, na kila nikifika hapa husita. Watu hupenda kusema kwamba jani la klova lilifanya kazi yake, na Brophy mwenyewe aliamini kwamba mkono wa Mungu ulikuwapo. Sina sababu ya kumpinga mtu aliyetoka hai kwenye tanuri lile. Ninachokiona mimi ni hesabu nyingine, ngumu kuikabili. Mynarski angeruka mara ya kwanza alipofika mlangoni, angeshuka salama kama wenzake watano wa mbele, na Brophy naye angerushwa nje vilevile, kwa mti uleule. Wote saba wangepona. Juhudi zile za kufa na kupona hazikubadilisha chochote katika chuma cha kibanda. Na Mynarski hakuwa na njia ya kujua. Saa zake za mwisho, katika maumivu ambayo hatuna uwezo wa kuyakisia, aliziishi akijua kwamba rafiki yake ameteketea na ndege.

Wengine walitawanyika. De Breyne, Bodie na Kelly walifichwa na Wafaransa wa upinzani, watu wa kawaida wa mashamba na vijiji ambao walijua vyema kwamba wakikamatwa na mgeni wa aina hiyo ghalani, wao na jamaa zao wangeuawa. Brophy naye alipata maficho kwa watu kama hao, akarudi Uingereza Septemba 1944, Wajerumani walipokwisha fukuzwa upande ule wa Ufaransa. Vigars na Friday walitekwa. Friday aliamka siku kadhaa baadaye akiwa mikononi mwa adui, hana kumbukumbu ya namna alivyoshuka kutoka mbinguni. Vigars ndiye aliyemwokoa, na Vigars hakupewa nishani yoyote ya kulingana na ile ya Mynarski. Wala hilo halimpunguzii kitu.

Brophy alipokutana na wenzake na kulinganisha habari, ndipo de Breyne alipofahamu kilichotokea nyuma ya ukuta wa moto. Wote walikuwa wanajua kwamba Mynarski amekufa. Hakuna aliyejua sababu isipokuwa Brophy. Wakaanza kuandika na kushuhudia, na jeshi likachunguza. Tarehe 11 Oktoba 1946 gazeti rasmi la serikali mjini London lilitangaza kwamba Pilot Officer Andrew Charles Mynarski ametunukiwa Msalaba wa Victoria. Siku tatu baadaye angetimiza miaka 30.

Usiku ule wa Cambrai pekee ndege 23 zilizotumwa kuvunja reli za Ufaransa hazikurudi. Katika vita vyote, watu wapatao 125,000 waliruka na ndege za kamandi ya mabomu ya Uingereza, na 55,573 kati yao walikufa. Karibu 10,000 walikuwa Wakanada. Safari za zamu moja zilikuwa 30, na aliyefika 13, kama akina de Breyne, alikuwa bado hajafika nusu ya njia. Huko Runnymede, karibu na London, kuna mnara wenye majina ya wanajeshi wa anga zaidi ya 20,000 ambao hawana kaburi linalojulikana. Kati yao wamo waliokufa usiku, ndani ya ndege zilizoteketea na watu wote waliokuwamo.

Nani anajua mle ndani kulitendeka nini? Katika ndege ngapi mtu aliacha mlango akarudi kumfuata mwenzake, na wote wawili wakaisha pamoja, na hakuna aliyebaki wa kusema? Tunamfahamu Mynarski kwa sababu mti mmoja wa Gaudiempré ulisimama pale uliposimama. Naamini kwamba tunapomsimulia yeye tunawasimulia pia watu ambao miti yao haikuwapo, na ndiyo sababu pekee inayonitosha kusimulia kisa kimoja kati ya elfu hamsini na tano.

Kanada ilimkumbuka kwa njia nyingi. Winnipeg kuna shule yenye jina lake, na kaskazini mwa Manitoba kuna maziwa yaliyopewa jina hilo. Katika uwanja wa zamani wa Middleton St. George, ambao baadaye uligeuzwa uwanja wa ndege za abiria, ilisimamishwa sanamu yake ya shaba Juni 2005, baada ya gazeti la huko, The Northern Echo, kuwaomba wasomaji wake wachange. Sanamu hiyo inapiga saluti. Wengi wa waliochanga walikuwa watoto wadogo au hawajazaliwa Lancaster zilipokuwa zikitetemesha madirisha ya nyumba zao.

Mpaka leo zimebaki Lancaster mbili tu duniani zinazoweza kuruka. Moja iko Uingereza. Ya pili iko Hamilton, Ontario, mali ya jumba la makumbusho lililoitengeneza upya kwa miaka mingi hadi iliporuka tena Septemba 1988. Imepakwa rangi za KB726 na kuandikwa VR-A ubavuni, na jina lake ni Lancaster ya Kumbukumbu ya Mynarski. Mwaka 2014 ilivuka Atlantiki kwenda Uingereza, ikaruka sambamba na mwenzake, na watu wakajaa barabarani na mashambani kutazama injini nane zikipita pamoja.

Kaburi lenyewe liko Méharicourt, kijiji kidogo mashariki mwa Amiens, katika makaburi ya wanakijiji. Jiwe lake ni jeupe na limechongwa msalaba aliopewa. Msomaji ambaye safari itamfikisha upande ule wa Ufaransa na apite hapo. Halina kiingilio.